Namna ya Kusafisha Seredani na Wavu wa Kuchomea bila Kuumia

Wachomaji wengi wa mishikaki hapa Mombasa hujihadhari moto unapowaka, kisha hujisahau wateja wakishaondoka. Ukiyafuata maelezo haya kwa mpangilio wake, hutajiunguza wala hutamdhuru atakayekula kesho.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba makaa yamekufa. Usiyaamini macho, kwa kuwa kaa lililofunikwa na majivu huweza kuhifadhi moto usiku kucha. Vuruga majivu kwa koleo, kisha pitisha kiganja juu yake bila kugusa. Ukihisi joto, subiri. Yatie katika debe la bati lenye kifuniko, si katika ndoo ya plastiki wala katoni, maana upepo wa kusi hufufua kaa dogo ulilolidharau. Hata mvua ikinyesha, usiiingize ndani seredani yenye makaa yanayofifia, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu akiwa usingizini. Wala usimwagie maji chuma chenye moto: mvuke utakuunguza uso.

Hatua ya pili ni kukwangua, na hapa naomba subira yako. Burashi ya waya hufanya kazi haraka, lakini ikichakaa hung'oka nywele zake, zikanasa katika mafuta yaliyogandamana na kuhamia kwenye nyama. Unywele huo ni mwembamba kama mwiba wa samaki, kwa hiyo anayekula changu wa kuchoma akichomwa kooni atadhani ni mwiba kweli. Mwaka 2012, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha habari za wagonjwa 6 wa Providence, Rhode Island, waliomeza nyaya za namna hiyo; baadhi yao walitobolewa utumbo wakahitaji upasuaji wa dharura. Mimi naona afadhali kuiacha kabisa burashi hiyo. Roweka wavu katika maji ya moto yenye sabuni, kwangua kwa kipande cha ubao, kisha sugua kwa makumbi ya nazi, ambayo kwetu hayana gharama. Ikiwa burashi ya waya ilishatumika, pitisha kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kila ufito, mbele na nyuma, kwani waya uliojificha hukinasa, kisha mulika kwa tochi.

Hatua ya tatu ni dawa, kwa wasioridhika na sabuni. Wako wanaosugua wavu kwa ndimu au siki, kisha wakaumwagia jiki papo hapo wakidhani utang'aa zaidi, ilhali jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Chagua kimoja tu, na ukifanyie uwanjani. Dawa kali za kuondoa mafuta mara nyingi huwa na kostiki soda: vaa glavu za mpira na miwani, na usiipake kwenye alumini, kwa maana huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 hivi. Usijaribu kuizima kwa ndimu. Ikiingia jichoni, endelea kusuuza huku ukitafutiwa usafiri wa hospitali.

Wenye jiko la gesi wafunge mtungi kabla ya kugusa chochote, na wakishaunganisha tena mpira wapake povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, gesi inavuja, nayo hutuama chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa.

Mwisho, suuza wavu kwa maji safi na uukaushe vizuri, kwani hewa ya bahari huleta kutu upesi. Upake mafuta ya kupikia ukiwa baridi, kwa kitambaa kilicholowa kidogo badala ya kuyamimina, kwa maana yatakayochuruzika hadi chini ya seredani ndiyo yatakayolipuka moto utakapowasha kesho jioni.