Jinsi ya Kuizuru Miji na Vijiji vya Kale vya Suffolk

Suffolk ni kaunti ya mashariki mwa Uingereza yenye miji na vijiji vya kale vingi kiasi kwamba mgeni hushawishika kupanga ziara ya miji mitano kwa siku moja. Kufanya hivyo ni kuipoteza safari. Ni bora kuchagua miji miwili au mitatu iliyoinuliwa na biashara moja, kisha kuyachunguza majengo yake polepole, kwa kuwa historia ya Suffolk imeandikwa zaidi katika mbao, chokaa na mawe kuliko katika vibao vya maelezo. Biashara hiyo ilikuwa ya vitambaa vya sufu.

Kwa anayetoka London, treni za kwenda Ipswich huondoka katika stesheni ya Liverpool Street, na safari huchukua zaidi ya saa moja kidogo. Kutoka Ipswich kuna treni ya Bury St Edmunds, mji unaofaa kuwa makao yako ya siku chache, kwa sababu basi linaloelekea Sudbury kutoka hapo hupita Lavenham. Hakikisha ratiba kabla ya kutoka, hasa siku ya Jumapili, ambapo usafiri wa vijijini hupungua sana au hukosekana kabisa.

Bury St Edmunds wenyewe unastahili asubuhi nzima. Mji ulikua kandokando ya abasia, yaani makao makubwa ya watawa, iliyolitunza kaburi la Mfalme Edmund, mtawala wa kale wa eneo hili aliyehesabiwa kuwa mtakatifu, aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869, na mahujaji walioliendea kaburi hilo ndio waliouletea utajiri. Abasia ilifungwa mwaka 1539 katika enzi ya Mfalme Henry VIII, na leo magofu yake yamo ndani ya bustani ya umma. Ingia kupitia lango kuu la karne ya 14, kisha utazame nyumba zilizojengwa ndani ya ukuta wa mbele wa kanisa lililobomolewa. Watu wangali wakiishi humo.

Ukifika Lavenham, anzia kanisani wala usianzie sokoni. Mnara wake una urefu wa mita 43 hivi, na waliougharimia waliacha alama zao ukutani: nyota ya ukoo wa de Vere, waliokuwa mabwana wa eneo hilo, na ngao za ukoo wa Spring, wafanyabiashara wa vitambaa. Ukizitambua alama hizo utakuwa umekwisha kujua fedha ya mji ilitoka wapi. Katika kodi za miaka ya 1520, mji huu mdogo uliojulikana kwa vitambaa vyake vya buluu ulikuwa miongoni mwa miji tajiri kupita yote nchini.

Baada ya hapo teremka hadi sokoni, penye ukumbi wa chama cha kidini cha Corpus Christi uliojengwa mnamo 1530. Hesabu nafasi kati ya nguzo za mbao za kuta zake. Nguzo zilizosongamana hazikuhitajika ili nyumba isimame. Mwenye nyumba aliziweka ili wapitao waone kwamba ana uwezo wa kununua mbao nyingi. Tazama pia ghorofa za juu zinavyochomoza juu ya barabara, na lipu iliyopakwa chokaa ya rangi mbalimbali, ikiwamo ile ya waridi ambayo Suffolk inasifika kwayo.

Swali la kujiuliza hapo ni kwa nini nyumba hizi, ambazo zaidi ya 300 kati yake zinalindwa na sheria, hazikubomolewa. Jibu ni umaskini. Wafumaji waliokimbilia Colchester kutoka Uholanzi na maeneo jirani walitengeneza vitambaa vyepesi na vya bei nafuu, biashara ya Lavenham ikaanguka, na wakazi wakakosa fedha za kujenga upya kwa mtindo mpya. Mimi naliona jambo hili kuwa ndilo la maana kuliko yote katika ziara nzima, na ndiyo maana napendekeza usiuache mji huu kabla ya kuupitia kwa miguu mtaa kwa mtaa.

Kutoka Lavenham unaweza kutembea hadi Long Melford, mwendo wa saa mbili hivi kupitia mashamba. Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya kipimo cha 1:25,000, ambayo huonyesha njia za umma kwa vistari vya kijani. Sheria inakupa haki ya kuzipita hata zinapokatiza shamba la mtu, mradi ufunge kila geti ulilolikuta limefungwa. Kanisa la Long Melford lilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 15 kwa mawe ya gumegume, kwani Suffolk haina mawe mazuri ya kuchonga, na kwenye kuta zake za nje yamechorwa maombi ya kuwaombea wafadhili. Ndani, tafuta kioo kidogo cha sungura watatu wanaoshirikiana masikio matatu tu, ilhali kila mmoja anaonekana kuwa na mawili. Makanisa haya kwa kawaida huwa wazi mchana bila kiingilio, lakini kuna sanduku la sadaka, na ni uungwana kutia chochote.

Kersey, kijiji ambacho barabara yake kuu inakatizwa na kijito kinachovukwa na magari, ni kizuri, ila bila gari ni shida kukifikia.

Ukipata siku ya ziada, panda treni ya kutoka Ipswich hadi stesheni ya Melton, kisha utembee hadi Sutton Hoo, ambako mwaka 1939 mwakiolojia Basil Brown alifukua alama ya merikebu ya mita 27 iliyozikwa pamoja na mtu wa cheo kikubwa, huenda Mfalme Raedwald, mtawala wa kale wa eneo hili. Utakavyoviona huko vingi ni nakili. Vitu halisi, pamoja na ile kofia ya chuma maarufu, vimo katika jumba la makumbusho la British Museum jijini London, ambako kiingilio ni bure, kwa hiyo vitazame kabla ya kupanda treni ya kuja Suffolk.