Kupima homa ya mbuzi: uliza kwanza kama ana mimba

Oktoba hii shangazi aliniita Chamwino: "Baba, njoo, mbuzi wangu anachemka." Kipimajoto kilisoma 40, saa nane mchana, jua linawaka, na jirani alikuwa ameshamchoma sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Nikamtazama: analialia, anachezesha mkia, uke umevimba. Nikasema, shangazi, huyu hana homa, yuko kwenye joto. Anataka beberu.

1. Pima alfajiri, kabla ya kufungua zizi.

2. Tumia kipimajoto cha dijitali. Cha zebaki sikitaki, kikivunjika zizini utajuta. Ncha iguse ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa. Ukiichomeka kwenye kinyesi umepima kinyesi. Kawaida ni 38.5 hadi 39.5.

3. Andika jinsia na tarehe aliyopandwa, kisha hesabu siku 150, ndio muda wa mimba.

4. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka juzi nilipima jike aliyebakiza kama siku mbili azae, anahema kwa shida. 39.0. Nikasema mzima. Kesho yake akafa. Tulipompasua, mapafu yalikuwa yameharibika. Nilichokuwa sijui ni kwamba homoni ya mimba, projesteroni, hupandisha joto la mwili, na inaposhuka karibu na kuzaa joto nalo hushuka, yapata nusu nyuzi. Tena mwili wenyewe huizuia homa siku hizo: mwaka 1978 watafiti wa Calgary, Kanada, waliwachoma kondoo wenye mimba sumu ya bakteria, na waliokaribia kuzaa homa haikuwapanda. Kwa hiyo wiki ya mwisho usikiamini kipimajoto peke yake. Hesabu pumzi, sikiliza kikohozi, tazama kama anacheua. Ila usikimbilie sindano kwa sababu joto limeshuka. Asipokuwa na dalili nyingine, huenda uchungu unakaribia tu. Mimi hupima siku tatu mfululizo.

5. Akishazaa, funua kope. Kinga yake dhidi ya minyoo hulegea kipindi hicho; utando ukiwa mweupe, minyoo inamnyonya damu.

6. Beberu usimsahau, naye mkague. Kwa kawaida testosteroni, homoni ya dume, hudhoofisha kinga; estrojeni, homoni ya jike, huichangamsha.

Jike wa shangazi alipandwa jioni ile ile. Tumeandika ukutani kwa mkaa: katikati ya Machi.