Kwa aliyenusurika kuzama, anza na miguu
Hili nimelipata kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Mwanza. Ukikaa na mtu aliyenusurika kuzama ziwani, akaanza kutetemeka anaposimulia, usikimbilie kumwambia "vuta pumzi ndefu". Aliyewahi kukosa hewa majini, kusikilizia pumzi kunaweza kumrudisha kule kule. Mwambie akanyage chini kwa nguvu, aisikie sakafu, kisha akutajie vitu vitano anavyoviona: ndoo, mlango, kanga, chochote. Akili iliyonaswa na tukio inapata cha kushika hapa ilipo. Ila kanyaga wewe kwanza, utoe pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Mapigo ya moyo hupungua, na mwenye hofu husoma uso wako kabla ya maneno yako.

Mbinu hii haifanyi kazi simulizi ikigusa kidonda chako mwenyewe. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, mwaka 2018, walikufa zaidi ya watu 200. Mhudumu wa visiwani huenda naye alifiwa. Ukiona koo linakukaba, mwachie mwenzako, wala si aibu. Na anayetaja kujiua usimwache peke yake. Mfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo.