Somo: Kurekodi mkupuo mzima wa kidumbak na kuufikisha kwa wasikilizaji wenye hamu

Ukiwatajia watu muziki wa Zanzibar, wengi huwaza taarabu ya orkestra: Ikhwani Safaa iliyoanza 1905, Culture Musical Club, ala za nyuzi kama kanuni na udi, na hadhira iliyotulia vitini. Kidumbak, muziki wa harusini, hawakijui, au wamekisikia dakika tatu tu kwenye simu. Hasara kubwa hiyo. Kidumbak ni fidla moja inayokwenda mbio, sanduku la besi, vidumbak viwili (ngoma ndogo) vinavyoshika mdundo, cherewa (manyanga) za vifuu na mkwasa (vijiti vya kugonganisha), pamoja na mwimbaji anayeunganisha wimbo kwa wimbo bila kituo kwa saa nzima. Saa hiyo ndiyo mkupuo, na ufundi wa mwimbaji hasa umo katika namna anavyochagua wimbo unaofuata. Ukimpa msikilizaji kipande kimoja, umemnyima jambo lenyewe.

Hatua ya 1: Ruhusa

Zungumza na kiongozi wa kikundi kabla ya siku ya shughuli, kisha na mwenye harusi. Waambie sauti itakwenda wapi: kusikiliza nyumbani ni ombi moja, kuwatumia marafiki ni la pili, kuweka mtandaoni ni la tatu. Tanzania Bara ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya 2003, lakini hata pasingekuwa na sheria, riziki ya wapigaji ni hii hii. Kubalianeni mapema kuhusu malipo. Video mimi sipigi. Wanawake hucheza kwa uhuru wakijua hakuna anayewapiga picha, na uhuru huo unasikika kwenye sauti.

Hatua ya 2: Kifaa

Kinasa sauti kidogo chenye maikrofoni mbili kinatosha. Chagua WAV, biti 24, kilohezi 48; saa moja hula takriban GB 1. Usirekodi kwa MP3, kwani kilichopunguzwa hakirudi. Weka betri mpya, na valisha maikrofoni sponji kwa ajili ya upepo wa uani.

Hatua ya 3: Mahali pa kusimama

Hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Mara nyingi mwimbaji na fidla hupewa maikrofoni na spika, ilhali sanduku na vidumbak hupigwa vivyo hivyo. Ukisimama mbele ya spika utarudi na fidla kali na sauti ya mtu, mdundo umepotea. Nenda upande wa sanduku, mita mbili au tatu kutoka kwa wapigaji, spika iwe ubavuni mwako. Fumba macho, tembea polepole, simama pale unaposikia vidumbak na fidla kwa uzito mmoja. Hapo ndipo pa kuweka stendi. Ipandishe juu ya vichwa, kwa sababu wachezaji watakuja mbele na miili yao itaimeza sauti ya ngoma.

Zima mpangilio unaokifanya kifaa kipandishe na kushusha kiwango cha sauti chenyewe. Ukiuacha, kila vigelegele vikipigwa ngoma zitazama, halafu zitapanda tena taratibu. Wapigaji wanapojaribu vyombo, weka kiwango ili kilele kisizidi desibeli 18 chini ya sifuri (-18 kwenye kipimo cha kinasa). Unaona ni kidogo? Subiri. Mkupuo huongeza kasi na nguvu kadiri unavyoendelea, na vigelegele vya karibu hupasua sauti kuliko ngoma yoyote. Ukishaanza, usiguse kitu.

Hatua ya 4: Uhariri

Kata mwanzo na mwisho tu, ongeza sauti kwa kiasi kimoja kote. Acha vigelegele, acha watu wanaokwenda kutunza (kuwapa wasanii fedha), acha mtoto anayelia.

Hatua ya 5: Kumfikishia msikilizaji

Geuza faili kuwa FLAC: ukubwa hupungua sana na hakuna kinachopotea. Kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Andika maelezo mafupi: kikundi gani, wapi, mwezi gani, nani kaimba (akikubali kutajwa), halafu nyakati. "Dakika ya 14, fidla inashika wimbo mpya kabla mwimbaji hajafungua mdomo." Mtu asiyejua kidumbak husikia kelele moja ndefu mpaka aonyeshwe mlango kama huo. Na mwambie avae hedifoni, kwa sababu spika ya simu haitoi sanduku kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Tanga: Mwalimu, nina simu tu. Niache?

Usiache. Washa hali ya ndege ili isiite katikati, tafuta programu inayorekodi WAV na kukuruhusu kupunguza kiwango mwenyewe. Ifunge kwenye stendi, usiishike mkononi. Kaa mbali kidogo zaidi na spika.

Kutoka Muscat: Asalaam aleikum. Kwetu vikundi hupiga ukumbini na fundi mitambo yupo. Si bora nichukue sauti kwenye miksa?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Miksa hutoa kile tu kilichowekewa maikrofoni. Chukua zote mbili, upige makofi mara moja mbele ya maikrofoni ya mwimbaji na ya kinasa chako ili baadaye uzipange ziende sambamba. Ikibidi moja, chukua ya hewani.

Kutoka Mombasa: Wenzangu huacha kusikiliza dakika ya tano. Nikate nyimbo moja moja?

Hapana, dada. Watangulizie dakika nne zenye kiungo, yaani mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Kisha waalike mkae pamoja, msikilize mkupuo wote kwa spika nzuri. Watu wakiwa wengi, mmoja ataanza kutingisha mguu.

Kutoka Unguja: Mwimbaji alimpiga fumbo jirani yetu, kila mtu pale alijua ni nani. Nifanyeje?

Mpelekee mwimbaji asikilize kabla hujamtumia mtu mwingine. Mafumbo ni sehemu ya kidumbak na uani yana mipaka yake; mtandaoni yatamfuata yule jirani kila aendako. Mwimbaji akisita, rekodi ibaki kwa kikundi, nawe ukaombe harusi nyingine.