Kwenda Matema: fika Ijumaa, ingia ziwani asubuhi

Matema iko pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini. Wengi wanaotoka Mbeya hufika Jumamosi jioni, wanalala, wanaogelea kesho yake na kugeuza. Hao wamekosa kilicho bora kuliko vyote, maana soko la vyungu la Lyulilo ni la Jumamosi, na lenyewe ni la asubuhi. Panga kufika Ijumaa kabla ya jua kuzama.

Magari ya Kyela hupakia stendi ya Nane Nane jijini Mbeya. Hadi Kyela mjini ni kama kilomita 130, na kwa Coaster inayoshusha na kupakia kila kituo, hesabu saa tatu au zaidi. Kyela utapata gari dogo la kwenda Ipinda na Matema. Ondoka Mbeya mapema, kwa sababu magari ya Matema hupungua sana jioni, na bodaboda ya usiku kwa umbali huo ni ghali na ya hatari. Mwenye gari lake hana haja ya kufika Kyela mjini: akitoka Tukuyu, akunje kushoto Kikusya, ashike barabara ya Ipinda hadi Matema, kama kilomita 39. Kuna pia njia ya Tukuyu kupitia Masoko. Ina mandhari nzuri, lakini mvua ikinyesha inateleza vibaya, kwa hiyo gari dogo lisithubutu.

Njiani unashuka kutoka zaidi ya mita 2,000 kule Isyonje, ambako ukungu wa asubuhi unaweza kuficha lori lililo mbele yako, hadi chini kidogo ya mita 500 ziwani. Teremka kwa gia ya pili au ya tatu. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kuacha kushika. Sweta ulilovaa Mbeya utalivua ukipita Tukuyu, na ukifika Kyela joto na unyevu ni vya mwambao kabisa.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei bonde la Kyela hunyeshewa kweli kweli. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, na maji ya ziwa karibu na midomo ya mito huwa ya tope. Beba fedha taslimu za kutosha, kwani benki ziko Kyela mjini. Wakala wa simu wapo Matema, ila wikiendi yenye wageni wengi wanaweza kuishiwa. Malaria ni jambo zito huku. Chukua chandarua kizima kama huna hakika na cha nyumba ya wageni, na vaa mikono mirefu jua likizama.

Sasa Lyulilo. Soko liko ufukweni, upande wa mashariki wa kijiji, na unafika kwa miguu. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilicho chini ya mlima, hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, wakavichoma kwa moto wa wazi na kuvileta kwa mitumbwi. Wafanyabiashara wa jumla huwahi, na saa nne vile vizuri vimeshafungwa. Amkia kwanza, "Shikamoo mama", ndipo uulize bei, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Chungu usikinunue kwa macho. Kiweke juu ya kiganja, kigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa sauti wazi inayodumu kidogo, chenye ufa hutoa sauti butu. Kitazame kwa ndani ukikielekeza kwenye jua, kisha pitisha kidole ukingoni, kwani nyufa nyingi huanzia hapo. Alama nyeusi za moshi si kasoro. Kifunge kwa majani makavu ya mgomba ndani na nje, na safarini kikae miguuni pako, kamwe kisiwekwe juu ya keria. Nyumbani kiloweke usiku mzima, kisha chemsha uji mwepesi kwa moto mdogo, uache upoe humo humo. Chungu kipya kikitiwa kwenye moto mkali kikiwa kikavu kinapasuka.

Ikombe kwenyewe unaweza kwenda kwa mtumbwi. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, dai jaketi la kujiokolea, na uwe umerudi kabla ya mchana. Upepo wa kusi ukianza kuvuma baadaye, mawimbi ya Nyasa huinuka ghafla, na chini ya ile milima hakuna mahali pa kuegesha. Mvuvi akikuambia leo hapana, kubali.

Kuogelea, kaa kwenye ufukwe wa wazi mbele ya kijiji. Usikaribie mdomo wa Lufilyo, kuna mamba. Epuka pia maji yaliyotuama yenye majani, maana konokono wanaobeba kichocho hupenda huko. Ukishakaa majini sana, pima kichocho baada ya miezi miwili au mitatu, kwani vipimo vya mapema havioneshi.

Chakula agiza asubuhi kama unataka kula mchana. Omba mbasa, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma na wali wa Kyela. Dagaa wa kubeba mvunje mmoja: akikatika ni mkavu, akipinda ataota ukungu kwenye baridi ya Mbeya.

Jumapili ondoka asubuhi, uone vya njiani. Maporomoko ya Kaporogwe yako kusini ya Tukuyu, unaingilia Ushirika, na nyuma ya maji kuna pango unaloweza kufika. Daraja la Mungu, yaani daraja la asili la mwamba, na Kijungu, shimo la mwamba lenye umbo la chungu ambamo mto unaingia, viko mto Kiwira, ndani ya eneo la Magereza, kwa hiyo jitambulishe getini na ufuate maelekezo. Mawe ya pale yana utelezi hata kiangazi, na mto unapita kwa nguvu chini yake, basi watoto washikwe mkono muda wote. Ziwa Ngosi, lililo kwenye kreta mlimani kati ya Tukuyu na Mbeya, usiliunganishe na siku hiyo. Kupanda kwake ni msitu wenye mwinuko mkali na tope, kunahitaji kiongozi wa njia, viatu vya kushika ardhi na nusu siku nzima, nawe utakuwa umebeba vyungu.