Rejeta inakunywa maji na chini ya gari pakavu: anzia hapa

Gari kuukuu likianza kunywa maji bila kudondosha hata tone, mwenye gari huwaza kitu kimoja tu: silinda hedi (kichwa cha injini). Fundi mwenye haraka naye hukubali. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua silinda hedi nikakuta gasketi inayoiziba iko nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye mfuniko wa rejeta, raba yake imekauka na kupasuka. Tangu siku hiyo silinda hedi naifikia mwisho.

Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Presha ya ndani ndiyo inayozuia maji yasichemke. Ukiiachia ghafla yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuibonyeza hosi paipu ya juu (mpira mnene wa maji wa rejeta) bila kuungua.

Hatua ya 1: pima kinachopotea

Asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, jaza rejeta hadi shingoni. Jaza na tanki la akiba, kisha bandika tepu usawa wa maji. Andika kilomita. Angalia kila asubuhi kwa wiki nzima. Kama mfumo ulifunguliwa karibuni, maji yakishuka kidogo siku za mwanzo usishtuke: ni hewa iliyonaswa inatoka.

Angalia pia yanapungua wapi, jambo ambalo wengi hulipita. Rejeta ikipungua huku tanki la akiba likibaki limejaa, maji yanatoka yakipata moto ila hayarudi yakipoa. Kagua mpira mwembamba unaotoka shingoni mwa rejeta kwenda kwenye tanki. Ukiwa na ufa hata wa unywele, rejeta inapopoa huvuta hewa badala ya maji, na hutaona tone popote.

Hatua ya 2: mfuniko

Juu yake pana namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha kwa bar, juu ya ile ya hewa ya kawaida. Kwenye presha ya bar 1 maji matupu huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mfuniko uliochoka huyaacha yachemke mapema na kutoka kama mvuke. Raba ikiwa ngumu, imepasuka au imebonyea, weka mpya wenye namba ileile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu. Kwenye gari la umri huo presha itatafuta palipo dhaifu. Baadhi ya magari mfuniko wa presha uko kwenye tanki lenyewe, lakini ukaguzi ni uleule.

Hatua ya 3: tafuta palipokauka

Kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) ikidondokea chuma cha moto hukauka kabla ya kufika chini, ila huacha ukoko mweupe au wa rangi yake. Chukua tochi na kioo kidogo. Tazama pale plastiki ya rejeta inapoungana na aluminiamu, kwenye klipu za mipira, nyumba ya themostati, na chini ya wota pampu. Wota pampu nyingi zina tundu dogo lililowekwa makusudi ili sili ikifa, maji yatokee hapo. Ukiona michirizi imetoka kwenye tundu hilo, badilisha pampu.

(Maji masafi yasiyo na rangi wala harufu yanayodondoka upande wa abiria ni ya kiyoyozi. Hayo yaache.)

Hatua ya 4: pampu ya kupimia presha

Ukikosa pampu hii, azima. Ifunge mahali pa mfuniko, pampu hadi namba ya mfuniko na usizidishe, kisha acha nusu saa. Mshale ukishuka, mahali fulani panavuja. Anza na injini ikiwa baridi, kwa sababu mpira mkavu na klipu iliyolegea huvuja alfajiri na kujiziba vikipata joto. Usipoona kitu, rudia injini ikiwa vuguvugu.

Mshale unashuka na nje pakavu? Ingia ndani ya gari. Papasa zulia la mbele. Zulia lenye unyevu wa kunata, harufu tamu, au kioo cha mbele kinachofanya ukungu wa mafuta ukiwasha hita, hiyo ni rejeta ndogo ya hita inavuja.

Na zulia likiwa kavu, acha presha kwa saa chache, toa plagi zote, simama kando, mtu apige staata kidogo. Ukungu wa maji ukiruka kutoka kwenye tundu, umepata silinda yenye tatizo. Usipige staata plagi zikiwa ndani kama unahisi silinda ina maji: maji hayabanwi, konrodi (mkono unaosukuma pistoni) itapinda.

Hatua ya 5: sasa silinda hedi

Dalili zake ni hizi. Plagi moja iliyo safi kuliko wenzake. Moshi mweupe wenye harufu tamu usiokoma injini ikishapata moto. Hosi paipu ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, kabla joto halijajenga presha: hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Thibitisha kwa kile kipimo cha maji ya bluu kinachofungwa shingoni mwa rejeta. Kwa injini ya petroli, bluu ikigeuka njano, gesi ipo.

Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi kuhukumu, kwani safari fupi fupi pia huuleta. Tazama dipstiki (kijiti cha kupimia oili): oili yote ikiwa rangi ya chai ya maziwa, zima injini na usiiwashe tena. Kwenye gari la otomatiki chomoa na dipstiki ya giaboksi, kama ipo. Mafuta yakiwa kama maziwa ya waridi, kipoza giaboksi kilicho ndani ya rejeta kimetoboka, na hapo silinda hedi haina kosa.

Dawa za kuziba za kumimina kwenye rejeta siziweki. Zinaweza kuziba kitobo, lakini huziba na vijia vyembamba vya rejeta ya hita. Kulanti unayomwaga usiiache kwenye beseni wazi: ni tamu, mbwa na watoto huionja, na ni sumu.