Swichi ya intaneti imezima baada ya stima kurudi? Angalia fyuzi kwanza, lakini polepole

Stima ikipotea huku Pipeline, Nairobi, watu hulalamika, lakini mimi kile naogopa ni ikirudi. Inarudi kwa kishindo, balbu zinawaka kama jua sekunde moja hivi, halafu simu yangu inaanza kulia, flo ya nne hakuna waifai, ya tatu pia hakuna, mama wa duka hapo chini anauliza kama nimemkatia. Napanda ngazi hadi kwa kile kisanduku cha mabati chenye swichi ya porti 24, kile kifaa kinagawia nyumba zote intaneti, napata hakuna hata taa moja inawaka na feni iko kimya. Hapo mara nyingi ni fyuzi, na fyuzi ni bei ndogo kuliko nauli ya kwenda maduka ya Luthuli Avenue mjini kuinunua, kwa hivyo usikimbilie kutupa swichi.

Anza na soketi. Chomeka chaja ya simu hapo hapo, ikichaji basi stima iko. Halafu fungua plagi. Plagi zetu za miguu mitatu ziko na fyuzi yake ndani, ile nyeupe ya seramiki yenye urefu wa inchi moja, na ndiyo watu husahau. Kuna siku nilitoa skrubu zote za swichi, nikapima kila kitu na tochi mdomoni, soja wa ploti ananiangalia tu, mwishowe akaniuliza, "Kijana wangu, na hii ya plagi uliangalia?" Nikamwambia zii mzee. Ilikuwa ni hiyo.

Seramiki huwezi kuona ndani kwa hivyo ipime. Itoe kabisa, weka multimita, kile kipimo cha stima, kwa ile alama ya mlio, gusa ncha mbili. Ikilia ni nzima, ikinyamaza imekatika. Za plagi utapata za ampea 3, 5 na 13. Madukani watakupa 13 bila kukuuliza, lakini swichi nyingi za ploti hazifiki hata wati 100, na ampea 3 kwa volti 240 ni karibu wati 720, hesabu mwenyewe. Ukitoa ya 3 rudisha ya 3. Kazi ya fyuzi ni kukatika kabla waya iungue, sasa ukiweka kubwa, waya ndiyo inakuwa fyuzi. Nishawahi kukuta plagi mtu amezungusha uzi wa kopa mahali pa fyuzi, na kebo ilikuwa imelainika kama chingamu, harufu unaisikia kutoka kwa ngazi.

Kama ya plagi ni nzima, sasa ni ya ndani, na hapa ndipo nataka utulie.

Chomoa kebo ya stima kabisa kutoka kwa ukuta. Kuzima swichi ya ukutani haitoshi, kuna ploti waya zimepindishwa na ile swichi inakata nyutro badala ya laivu, waya wenye stima, unaona imezima kumbe laivu bado iko ndani. Chomoa pia kebo za intaneti, bandika kila moja namba na masking tepu la sivyo utajuta. Toa saa na pete. Usifanye hii kazi ukiwa peke yako, na usifanye ukiwa umekanyaga maji.

Ukifungua kifuniko utaona upande ambapo stima inaingia kuna kapasita, kitu cha kuhifadhi chaji ya stima, moja nene kama betri ya tochi. Hiyo hukaa na karibu volti 340 za DC, na ubaya wake ni kwamba pawasaplai, ile sehemu inayolisha swichi stima, ikiwa imekufa hakuna kitu cha kuimaliza hiyo chaji, inaweza kukungojea muda mrefu. Ngoja dakika kumi hivi, halafu pima miguu yake na multimita kwa volti za DC, mita ikiwa imewekwa juu ya 400. Bado inasoma volti nyingi? Usiguse, ngoja tena ama mpelekee fundi. Hiyo mambo ya kuishoti na bisibisi mwachie mwenye hajipendi.

Fyuzi iko karibu kabisa na pale stima inaingia, kawaida ni kagilasi ka milimita 20 kwa 5. Iangalie vizuri kabla ya kuitoa kwa sababu inaongea. Waya ikiwa imekatika tu katikati na gilasi ni safi, pengine ilichoka ama ilipigwa na stima ikirudi, weka nyingine ujaribu. Lakini gilasi ikiwa nyeusi ama inang'aa kama kioo, kuna kitu kimeshoti huko mbele, mara nyingi ile disiki ndogo ya kuzuia voltaji kubwa, ama daiodi. Fyuzi mpya italipuka vile vile, kwa hivyo hapo funga, peleka kwa fundi wa pawasaplai.

Ya kununua soma maandishi kwa kofia ya chuma ya fyuzi ya zamani, kwa mfano T2AL250V. T inamaanisha inakatika polepole, na pawasaplai inataka hivyo kwa sababu ikiwashwa tu kapasita inavuta stima nyingi kwa mpigo. Ukiweka ya F, ya haraka, inaweza kukatika siku ya kwanza na uanze kulaani swichi bure. 2A ni ampea. 250V usiipuuze, fyuzi za gari za Kirinyaga Road zimetengenezewa volti za betri, si hizi. Kama ya zamani ilikuwa seramiki, nunua seramiki. Ikiwa imechomelewa kwa bodi na hujawahi kuchomelea na waya wa soda, mpe anayejua.

Rudisha kifuniko kwanza, ndiyo uchomeke. Taa zikiwaka iache nusu saa bila kebo za watu, nusa, gusa kifuniko, kikiwa moto kuliko kawaida zima.

Mimi siku hizi nimebandika fyuzi mbili za spea na selotepu ndani ya mlango wa kisanduku. Soja anajua ziko hapo, na anajua pia asiziguse kabla nifike.